Aliyefunga, Apande: Manifoldi ya Gari la Mzee Athumani

Swali lililoninyima usingizi mwaka wangu wa kwanza kazini halikuwa la mapenzi, wala dini, wala siasa, ingawa miaka ile mambo hayo yote matatu yalijadiliwa sana Makambako. Lilikuwa hili: nifunge ile nyepesi inayong'aa, au ile nzito yenye sura mbaya?

Nazungumzia manifoldi za moshi. Nimestaafu juzijuzi, na vijana niliowaacha gereji wameniomba niandike machache kuhusu kazi. Nadhani walitaka niandike kuhusu vyeo. Vyeo vilikuja vikaenda, na hakuna hata kimoja kilichowahi kuvuja. Manifoldi huvuja. Nitaandika kuhusu manifoldi.

Nilifika Makambako na shahada ya uhandisi, sanduku la bati, na ovaroli ya kaka yangu ambayo mikono yake ilifika gerejini kabla yangu. Kwetu ni Yakobi, pembeni mwa Njombe mjini, katika familia ya wakulima Wakatoliki ambako mtu akisoma sana huombewa sana, kwa kuwa haijulikani ataishia wapi. Mama alitarajia niishie ofisini. Mimi nilitarajia kiwanda. Lakini viwanda vya umma wakati ule vilikuwa vinatafuta wanunuzi, si mainjinia, ndipo nikapata nafasi katika gereji ya mtu binafsi kando ya barabara iendayo Songea.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Tweve, Mkinga mfupi mwenye kofia ya sufu ambayo hakuivua hata jua lilipowaka. Siku ya kwanza hakuniuliza nimesoma nini. Aliniuliza, "Mwanangu, unaogopa nini?"

Nilidhani ni usaili, nikamjibu kwa ukamilifu. Naogopa jeki kuteleza. Naogopa petroli kushika moto. Naogopa kusahau kukaza bolti, na naogopa kuikaza mpaka ikakatika. Nilikuwa sijafika kwenye umeme aliponikatiza.

"Inatosha. Utadumu. Asiyeogopa kitu huwa namshauri akauze spea."

Kisha akanipa sheria ya gereji: aliyefunga, apande. Ukifunga kifaa kwenye gari, safari ya kwanza ya gari hilo unakwenda nalo, kiti cha mbele, spana zako mapajani. Haikuandikwa popote, lakini wenye magari waliijua na ndiyo iliyowaleta kwetu. Dereva hakuondoa gari mpaka amwone fundi wake amekaa.

Nikauliza kama balbu ya taa ya breki ni kifaa. Mzee Tweve akafikiri kidogo, akasema ni kifaa. Basi nilibadilisha balbu moja ya lori la viazi siku ya Jumanne, na Ijumaa nilikuwa bado Dar es Salaam natafuta usafiri wa kurudi. Tangu hapo sikuuliza swali kabla ya kufikiria jibu lake linaweza kunifikisha wapi.

Ninyi vijana hamkuiona miaka ya uhaba, na mimi niliikuta inaisha. Mzee Tweve ndiye aliyeiishi. Wakati ule spea ilikuwa moja, nayo ilikuwa "haijafika". Alikata gasketi za kuziba viungio vya injini kutoka kwenye makopo ya mafuta ya kula, akachonga vipuri kwa tupa, akafufua magari ambayo wenyewe walishayaaga. Ghafla biashara ikafunguliwa. Maduka ya spea yakachomoza Makambako kama uyoga baada ya mvua, na kifaa kilekile kikawa na ndugu watatu: cha Dubai, cha Taiwan, na kilichotumika. Nilidhani angefurahi. Alisimama mbele ya duka moja, akatazama rafu kutoka juu hadi chini, akaniambia kwa huzuni, "Zamani nilikuwa fundi. Sasa nimekuwa mteja."

Ndipo likaja gari la Mzee Athumani.

Mzee Athumani alitoka Kondoa miaka mingi nyuma, akafungua duka la vitambaa, kisha akaingia kwenye usafirishaji. Gari aliloliona kama mwanawe wa mwisho lilikuwa la Kijapani, la petroli, la safu tatu za viti, lenye turbo. Lilikuwa jipya kwetu na kongwe kwao. Huku kwetu turbo si anasa. Njombe iko juu, hewa ni nyepesi, na gari lisilo nayo hupanda milima kama mtu anayepelekwa polisi.

Kwa asiyejua: manifoldi ya moshi ni chuma kinachofungwa ubavuni mwa injini kukusanya moshi wa silinda zote na kuupeleka katika bomba moja. Kwenye gari la turbo kina kazi ya pili. Turbo yenyewe, ambayo ni feni inayozungushwa na moshi huo ili kuilisha injini hewa zaidi, imening'inizwa kwenye chuma hichohicho. Basi kinabeba mzigo huku kimekuwa chekundu kwa moto, kisha kinapozwa na baridi ya Njombe, kisha kinachemshwa tena. Mtu angeomba talaka. Chuma hupasuka.

Cha Mzee Athumani kilikuwa kimepasuka. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi, ilitoa mlio wa cherehani. Moshi ulivuja chini ya boneti, ukaingia ndani kupitia matundu ya hewa ya joto, na abiria wakawa wanasinzia. Yeye alilichukulia jambo hili kama sifa.

"Gari langu ni kitanda," alituambia. "Watu wanapanda Makambako, wanaamka Njombe. Nataka niandike hivyo nyuma ya gari."

"Mzee," nikamwambia, "hawalali. Wanazirai taratibu."

Akanitazama, kisha akamtazama dereva wake, Shabani. Shabani akakohoa, akakiri kwamba juma lile naye alikuwa "amebembelezwa" kidogo karibu na daraja. Rangi ya Mzee Athumani ikabadilika. Alikuwa na sababu. Binti yake, Mwanaidi, alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na kliniki ilimwambia safari hii asikae mbali na hospitali. Shangazi yake alikuwa muuguzi katika hospitali ya Walutheri kule Tandala, ng'ambo ya milima ya Makete, na huko ndiko alikotaka kwenda kusubiri siku zake. Mvua zilikuwa zinakaribia kukolea, na zikikolea barabara ile haipitiki. Mzee Athumani alikwishatangaza kwenye baraza la msikiti kwamba mwanawe atakwenda kwa gari lake mwenyewe, si kwa gari la mtu. Ilibidi liwe tayari ndani ya wiki ile.

Mzee Tweve alijaribu kwanza njia ya zamani. Alikipasha chuma kwenye mkaa, akakichomelea ufa, akakifukia kwenye majivu kipoe polepole. Kazi safi, niliitazama kama ninavyotazama misa. Akafunga, akapanda, wakaenda Njombe. Alirudi jioni kwa basi, kofia mkononi, anajishika kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuona nywele zake.

"Imepasuka pembeni ya weldingi," alisema. "Chuma kimechoka. Hiyo mpya utafunga wewe, Injinia. Mimi nimeshavuta moshi wa kunitosha."

Kesho yake Mzee Athumani akaleta manifoldi mbili, akazilaza juu ya benchi kama maharusi.

Ya kwanza ilitoka Dubai. Ilikuwa ya mabomba membamba ya chuma kisichoshika kutu, yamepindana kama utumbo wa mbuzi, inang'aa mpaka unajiona pua. Ilikuwa nyepesi. Nyuso zake zilikuwa zimenyooka, matundu yake yamelingana na ya injini sawasawa. Muuzaji alisema moshi ungetoka kwa kasi, turbo ingeamka mapema, na gari lingenguruma.

Ya pili ilikuwa nakala ya Taiwan ya chuma cha kumimina, nzito kama dhambi ya makusudi. Niliposimamisha rula juu ya uso wake nikaona mwanga wa jua ukipita chini: haikunyooka. Ndani ya matundu kulikuwa na mabonge yaliyosalia chuma kilipomiminwa kwenye kalibu.

Hapa ndipo masomo yangu yalipoanza kunitesa. Ile ya kung'aa ilikuwa sahihi kila nilipopima, lakini kuta zake zilikuwa nyembamba na zilishikwa kwa weldingi, nayo ingebeba turbo nzima kwenye barabara ya mawe. Nilitafuta mahali pa kufunga mkono wa kuishikilia turbo kutoka chini. Injini ile haikuwa na mahali. Ile nzito ingebeba turbo mbili na abiria mmoja, lakini ilivyokuwa ingevuja tangu dakika ya kwanza. Nilimuuliza Mzee Tweve.

"Mimi napenda hii nyepesi," akasema. "Turbo inataka kupumua."

"Na ikipasuka?"

"Ndiyo maana nimesema utafunga wewe."

Nikachukua chaki, nikagawa mlango wa gereji sehemu mbili, nikaandika faida na hasara za kila manifoldi ili nizione zote pamoja. Kisha nikaenda kunywa chai. Lilikuwa kosa ambalo lingewezekana Makambako tu, na katika miaka ile tu. Vyama vingi vilikuwa vimeruhusiwa karibuni, na kila mtu alikuwa na kura isiyo na pa kwenda. Niliporudi, wapita njia walikuwa wamepanga foleni mbele ya mlango wangu. Wauza viazi, makondakta, mama mmoja mwenye beseni la parachichi, kila mmoja aliokota chaki akapiga mstari chini ya manifoldi aliyoipenda.

"Jamani, huu si uchaguzi!" nikasema.

"Dada, ungetaka kuamua peke yako usingeandika barabarani," kondakta mmoja akajibu, akapiga mstari wa pili.

"Wewe umeshapiga!"

"Hii ni ya mke wangu. Yuko Mbeya."

Yule mama wa parachichi aliomba aelezwe manifoldi ni nini. Nilipomweleza, akasema hakuna kati ya hizo anayoiamini, akachora mstari wake katikati. Kufikia adhuhuri ile ya kung'aa ilikuwa inaongoza kwa mbali, Mzee Athumani anapokea pongezi, na mtu fulani alikuwa ameandika hasara mpya chini ya ile nzito: "Haina mvuto."

Siku mbili zikapita hivyo. Kila asubuhi nilizipima tena, kana kwamba mojawapo ingekuwa imebadili tabia. Mzee Athumani akaanza kuniamkia kwa sauti ya mtu anayempigia mgonjwa hodi.

Siku ya tatu akaja Mwanaidi mwenyewe, khanga mbili na koti la sufu la baba yake juu. Nilimbingirishia tairi, akakaa taratibu. Alizaliwa Makambako na kucheza na watoto wa Kibena, kwa hiyo alinisalimu kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, dada Eufrasia."

"Kamwene. Hali?"

"Hali ndiyo hii unayoiona, imenitangulia mbele. Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Sheria yenu bado ipo? Utapanda?"

"Nitapanda."

"Basi niambie. Ukifunga hii ya kung'aa, njiani utakuwa unafanya nini?"

Nikafikiri. "Nitakuwa nasikiliza. Kila jiwe. Mpaka Tandala."

"Na kurudi?"

"Na kurudi."

"Na hii mbaya?"

"Hii mbaya nikiinyoosha vizuri, nadhani nitasinzia."

"Kusinzia si ndiyo ugonjwa wa gari lenyewe?"

"Nitasinzia usingizi wa haki."

Akacheka mpaka akashika tumbo, nami nikaogopa nimemharakisha. Alipotulia akasema, "Mimi manifoldi sizijui. Ila nimekaa na baba miaka yote. Mtu anayependa kitu kwa kung'aa kwake hakipimi. Na wewe unapima mpaka hukifungi. Mwanangu hawezi kuwangoja wote wawili."

Akanyanyuka, akaondoka zake. Nilibaki na zile manifoldi mbili, na kwa mara ya kwanza sikuzipima. Nilizitazama tu, nikajiuliza kasoro ya kila moja inaishi wapi. Kasoro ya ile nzito ilikuwa pale benchini, naigusa kwa kidole, na tupa ingeweza kuila. Kasoro ya ile nyepesi haikuwa benchini. Ilikuwa mlimani, inanisubiri. Vijana, kama mtasahau yote mengine, shikeni hili: kati ya vifaa viwili vyenye ila, chukua kile ambacho ila yake unaweza kuimaliza kabla ya safari.

Nikachukua kitambaa, nikafuta kura zote mlangoni.

Mzee Athumani alipiga kelele zaidi ya manifoldi yake. "Umeiba uchaguzi! Watu wameamua!"

"Watu hawapandi, mzee. Napanda mimi, na Mwanaidi."

Akamgeukia Mzee Tweve. "Na wewe si ulisema turbo ipumue?"

Mzee Tweve akavuta kofia yake chini. "Nilisema. Lakini sheria ni sheria. Anayepanda ndiye anayechagua."

"Nitawaambia nini pale barazani? Kwamba nimefunga jiwe?"

"Waambie gari lako haliimbi, linafanya kazi," nikasema, nikashangaa sauti imetoka kwangu. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaongeza, "Na nahitaji kioo cha kaunta yako ya dukani."

Nilikihitaji kweli. Ili kunyoosha uso wa chuma lazima uwe na kitu kilichonyooka cha kuupimia, na Makambako nzima hapakuwa na kitu bapa kuliko kile kioo kinene alichopimia vitambaa. Kikaletwa kimefungwa blanketi, Mzee Athumani akitembea pembeni yake kama mfiwa. Tulipaka masizi yaliyochanganywa na oili juu ya kioo, tukasugua manifoldi juu yake, na kila palipobaki alama nyeusi palikuwa kilima cha kushusha kwa tupa. Sugua, tazama, piga tupa, futa, rudia. Mzee Tweve alishika upande wa pili bila kuombwa. Mabega yangu yalipokataa, yake yaliendelea. Matundu niliyasafisha kwa patasi na tupa ya mviringo. Mwishowe masizi yakashika uso mzima, na mwanga wa jua haukupata pa kupita.

Mzee Tweve akapitisha kidole. "Sasa ni fundi tena," akasema. Hadi leo sijui alimaanisha mimi au yeye.

Nilifunga kwa gasketi mpya, nikakaza bolti kuanzia katikati kwenda pembeni, nikawasha injini ipate moto, nikaiacha ipoe, nikakaza tena. Halafu lilibaki suala la kuthibitisha. Moshi wa petroli hauonekani vizuri, na sikio langu wakati huo lingesikia uvujaji hata kwenye gari lililozimwa. Mwanaidi ndiye aliyetuma udi. Tuliwasha injini ikiwa ya baridi, na baada ya kufuta kila tone la petroli na kuweka ndoo mbili za mchanga miguuni, nikapitisha kijiti cha udi taratibu kandokando ya kila kiungio. Penye tundu, moshi wa udi ungesukumwa. Ulipanda wima, wote, kama uko chumbani kwa bibi harusi. Gereji ilinukia siku nzima, na dereva wa lori la mbao aliuliza nani anaolewa.

Ile ya kung'aa Mzee Athumani hakuirudisha. Aliitundika dukani juu ya majora ya kitenge, na kwa miaka mingi wateja waliamini ni chombo cha muziki.

Tuliondoka asubuhi, Shabani kwenye usukani, mimi pembeni yake na spana mapajani, Mwanaidi nyuma na shangazi mwingine, mito, chupa za chai na koti la baba yake. Mzee Athumani alisimama mlangoni mwa duka akinyanyua mikono kuomba dua. Nilisikia ametaja jina langu humo, jambo lililonitia hofu zaidi.

Hadi Njombe tulikwenda vioo vikiwa wazi. Shabani alikuwa amezoea hivyo tangu siku ya kubembelezwa, na mimi sikumkataza. Kioo kilichofunguliwa kilikuwa bima yangu. Nilikuwa nimepima, nimenyoosha, nimefukiza udi, na bado niliacha upenyo. Lakini baada ya Njombe tulianza kupanda kuelekea Makete, lami ikaisha, ukungu ukashuka mpaka kwenye boneti, na baridi ikaingia ndani kama mwenye nyumba. Nyuma nilisikia meno ya Mwanaidi yakigongana.

"Injinia," Shabani akasema taratibu, macho barabarani, "tuache wazi tu? Kwa usalama?"

Injini ilikuwa inavuta mlima bila mlio wa cherehani. Nilimtazama Mwanaidi kwenye kioo cha dereva. Alikuwa ananitazama pia.

Nikashika mkono wa kioo cha upande wangu, nikauzungusha mpaka juu. Nikamwambia Shabani apandishe na chake. Kisha nikafungua hewa ya joto, yote, ituingie usoni.

Baada ya kona chache Mwanaidi alipata joto, akaanza kumkosoa Shabani kuhusu mashimo aliyoyapita na aliyoyaingia kwa makusudi. Aliendelea kumkosoa hadi kwenye geti la hospitali ya Tandala, na hakusinzia hata mara moja.